Sura zinazopindwa kwa kompyuta: Amana ya picha katika familia ya Kiislamu

SIFA zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu (S.W.), Mola wa viumbe wote, aliyemuumba mwanadamu na kumtia sura kama alivyotaka Yeye. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake, sahaba zake na wote wanaofuata uongofu wao mpaka Siku ya Malipo. Ama baada ya hayo.

Ndugu wasomaji, anayepita Kijenge, jijini Arusha, hakosi kukutana na vibanda vya steshenari na studio za picha. Humo hupigwa picha za pasipoti, huchapishwa kadi za harusi, mabango ya Maulidi, na picha kubwa za bwana na bibi harusi za kutundikwa sebuleni. Mbele ya kompyuta huketi kijana ambaye kwa dakika chache anaweza kuchongoa kidevu, kupunguza kiuno, kupanua mabega na kukuza macho. Asiyekwenda studio anayafanya hayo hayo kwa simu yake akiwa kitandani. Jambo hili limekuwa la kawaida kiasi kwamba hakuna anayeliuliza. Sisi tunaona limefika mahali pa kuulizwa, kwa sababu limeingia katika posa, katika heshima za watu na katika habari tunazoziamini.

Tangu mwanzo tuseme kwamba hatukusudii kuingia katika hitilafu ya wanazuoni juu ya hukumu ya picha yenyewe. Hilo lina mahali pake na wenyewe wanaolijua. Tunazungumza na familia ambazo tayari zina simu zilizojaa picha, na tunauliza: picha inapopindwa, ni haki ya nani inayopindwa pamoja nayo?

Picha hupindwaje?

Picha ya kompyuta ni jamvi la nukta ndogo mno, na kila nukta ina namba zinazoeleza rangi yake. Programu ya kupinda picha hutandika juu ya jamvi hilo wavu usioonekana. Mtumiaji anapovuta fundo moja la wavu, nukta zilizo karibu hufuata. Upande mmoja zinasongamana, upande wa pili zinaachana. Pale palipobaki mwanya, programu hukadiria rangi kutokana na nukta za jirani na kuujaza. Ndiyo maana kiuno kinaweza kupunguzwa na ngozi ikaonekana haina mshono.

Programu mashuhuri zaidi ya kazi hii, Photoshop, ilianza kuuzwa mwaka 1990, ikiwa ni kazi ya ndugu wawili wa Marekani, Thomas Knoll na John Knoll. Mwaka 2000 iliongezewa kifaa cha Liquify, ambacho huifanya picha kama udongo mbichi wa mfinyanzi: unaisukuma, unaivimbisha, unaifinya. Mwaka 2005 ikaongezewa uwezo wa kukunja picha nzima kwa wavu, kama mtu anavyokunja nguo. Kazi hiyo ilihitaji fundi. Lakini mwaka 2013 ilitoka Facetune, na mwaka 2017 FaceApp, na tangu hapo ufundi ule umo katika kiganja cha mtoto wa shule.

Haki ya kusema ni kwamba chombo hiki si kibaya kwa dhati yake. Msikiti uliopigwa picha kutoka chini, mnara wake ukaonekana umelalia nyuma, hunyooshwa kwa chombo hiki hiki. Ukurasa wa kitabu cha kale uliojikunja unaposkaniwa hunyooshwa vivyo hivyo ili usomeke. Picha za satelaiti hupindwa ili zikae sawa na mabonde na milima. Bila ya hivyo, mteremko wa Mlima Meru usingekaa mahali pake kwenye ramani. Hata ramani ya dunia iliyozoeleka madarasani, aliyoibuni Mercator mwaka 1569, ni upotoshaji wa makusudi: nchi zilivutwa ili nahodha apate kufuata dira kwa mstari ulionyooka, ndipo Greenland ikaonekana kukaribia ukubwa wa Afrika, ilhali Afrika ni kubwa kuliko Greenland takriban mara 14. Nahodha aliyejua siri ya ramani hakudanganyika. Aliyedanganyika ni mwanafunzi aliyeoneshwa ramani ile bila kuambiwa kitu. Hapo ndipo penye mzizi wa suala letu: swali la kwanza ni kama anayetazama anajua.

Uongo wa kwanza ni wa kamera

Binti zetu wengi huanza kupinda sura zao kwa sababu wameziona mbaya katika simu. Wazazi wajue kwamba mara nyingi simu ndiyo iliyoanza kudanganya. Mwaka 2018, Dkt. Boris Paskhover wa Chuo Kikuu cha Rutgers nchini Marekani na wenzake walichapisha hesabu iliyoonesha kwamba picha ya uso inayopigwa kwa umbali wa sentimita 30 hivi huifanya pua ionekane pana kwa takriban asilimia 30 kuliko ilivyo. Sababu yake ni nyepesi: pua iko karibu zaidi na kamera kuliko masikio, na kwa umbali mdogo tofauti hiyo inakuwa kubwa. Mtu akisogea mpaka mita moja na nusu, upotovu huo huondoka.

Basi fikirini, enyi wazazi. Binti anajipiga picha kwa urefu wa mkono wake, anaona pua si yake, anahuzunika, anafungua programu na kuifinya. Anapeleka picha ile kwa wenzake, wanamsifu. Kesho anajitazama katika kioo na kuona sura ambayo haikusifiwa na mtu. Hapo huzuni inaongezeka badala ya kupungua. Mwaka 2021 ilifichuliwa kwamba watafiti wa ndani wa kampuni ya Facebook yenyewe walikwisha kubaini kuwa mtandao wao wa Instagram unawazidishia wasichana wengi chuki ya maumbile yao. Mwishoni mwa mwaka 2024 kampuni ya TikTok ilitangaza kuwazuilia walio chini ya miaka 18 baadhi ya vichujio vinavyobadilisha sura. Ufaransa tangu Oktoba 2017 inamlazimisha mwenye tangazo la biashara kueleza kama umbo la mwanamitindo limebadilishwa kwa kompyuta, na Norway imeweka sharti la namna hiyo tangu mwaka 2022. Mataifa ambayo hayadai kuongozwa na Qur'ani yameona madhara. Je, sisi tulioambiwa katika Suratut Tin, aya ya 4, kwamba mwanadamu ameumbwa katika umbo lililo bora kabisa, tusubiri nini?

Wapo watakaouliza: je, kupinda sura katika picha ni kule kubadilisha maumbile ya Mwenyezi Mungu kulikotajwa katika Suratun Nisaa, aya ya 119? Aya hiyo inaeleza ahadi ya shetani ya kuwaamrisha watu wabadilishe alichokiumba Mola. Na imepokewa kutoka kwa Ibn Mas'ud (R.A.) makemeo makali juu ya wanaochanja ngozi na wanaochonga meno kwa ajili ya uzuri. Mambo hayo yanahusu mwili, na picha si mwili. Hivyo hatutoi fatwa. Tunawaachia masheikh wetu. Lakini hatuwezi kunyamaza juu ya moyo unaozoea kumsahihisha Muumba kila siku. Katika Suratu Ghaafir, aya ya 64, Mwenyezi Mungu anatukumbusha kuwa ametutia sura na kuzifanya nzuri. Kulifuta vumbi au kuongeza mwanga ni jambo moja. Kumfundisha mtoto kwamba uso wake ni kosa linalongoja kurekebishwa ni jambo jingine.

Ghushi ya sokoni na ghushi ya posa

Jambo ambalo halina hitilafu ni ghushi. Imepokewa na Imam Muslim kutoka kwa Abu Huraira (R.A.) kwamba Mtume (S.A.W.) alipita sokoni penye rundo la nafaka, akaingiza mkono wake ndani, vidole vikakuta maji. Muuzaji akajitetea kuwa ni mvua. Mtume (S.A.W.) akamuuliza kwa nini hakuiweka ile iliyolowa juu watu waione, kisha akaeleza kuwa mwenye kughushi hana nafasi katika umma wake. Tazama ndugu msomaji: nafaka ilikuwa nafaka, na mvua ilikuwa mvua. Kosa lilikuwa kupanga yanayoonekana juu ili yafiche yaliyo chini. Hiyo hasa ndiyo kazi ya picha iliyopindwa inapopelekwa kwa mtu mwenye maamuzi ya kufanya.

Siku hizi posa nyingi huanza na picha. Kijana yuko Muscat au Dubai kikazi, wazee wake wako Kijenge, mshenga anapeleka picha ya binti kwa WhatsApp, na binti naye anapelekewa picha ya kijana. Tuchukulie kuwa picha zote mbili zimepitishwa katika programu: huyu amepunguziwa mwili, yule ameongezewa mabega na nywele. Pande zote zimeridhia, mahari yametajwa, ukumbi umelipiwa. Siku ya kuonana, kila mmoja anamtazama mwenzake kama mgeni. Anayeumia zaidi ni nani? Mara nyingi ni binti, kwa kuwa posa ikivunjika ni yeye atakayeulizwa mtaani ana kasoro gani. Na kama haikuvunjika, ndoa imejengwa juu ya kitu ambacho hakikuwapo.

Sheria ya Kiislamu ilikwisha kuliziba shimo hili. Mughira bin Shu'ba (R.A.) alipoposa, Mtume (S.A.W.) alimwelekeza amtazame mposwa wake, kwa sababu kufanya hivyo ni karibu zaidi na kuleta mapenzi ya kudumu kati yao, kama alivyopokea Imam Tirmidhi. Makusudio ya kutazama ni kuijua hali ilivyo. Picha iliyopindwa inaharibu makusudio hayo, hata ikipita mikononi mwa walii na mshenga. Tena inamdhulumu mwenye picha mwenyewe, kwani inamnyima fursa ya kupendwa kwa sura yake.

Haki haihitaji kutiwa chumvi

Tukitoka nyumbani tukaingia katika habari za dunia, jambo linakuwa zito zaidi. Hata kabla ya Photoshop kuuzwa, jarida la National Geographic la Februari 1982 lilizisogeza kwa kompyuta piramidi za Giza, Misri, ili picha iliyopigwa kwa mapana ienee katika jalada la wima. Piramidi hazikulalamika, lakini wasomaji walipojua walianza kuuliza ni picha ngapi nyingine zilizosogezwa.

Mfano unaotugusa zaidi ni wa vita ya Lebanon ya mwaka 2006. Agosti 5 mwaka huo, shirika la habari la Reuters lilitoa picha ya moshi juu ya Beirut baada ya shambulizi la ndege za Israel. Ikagundulika kwamba mpiga picha alikuwa ameunakili moshi kwa kompyuta na kuuongeza weusi. Reuters iliachana naye na kuziondoa picha zake zote 920. Shambulizi lilikuwa la kweli, moshi ulikuwa wa kweli, na waliouawa nchini Lebanon katika vita hiyo walizidi 1,000. Lakini kwa sababu ya moshi ulioongezwa, waliotaka kuyakana mateso ya wale watu walipata hoja waliyokuwa wakiitafuta. Kila picha ya maiti na magofu ikaanza kutiliwa shaka.

Hili ni funzo kubwa kwetu sisi tunaosambaza picha za ndugu zetu wanaodhulumiwa duniani. Wapo wanaodhani kwamba kwa kuwa lengo ni jema, kuikuza damu au kuibeba picha ya nchi moja na kuipachika nchi nyingine si dhambi. Tunasema: mwenye haki hana haja ya uongo, na akiutumia, humkabidhi dhalimu silaha. Suratul Hujuraat, aya ya 6, inatuamuru tuchunguze habari kabla ya kuifanyia kazi, tusije tukawadhuru watu kwa ujinga kisha tukajuta. Amri hiyo haikubagua habari tunazozipenda na tunazozichukia.

Mzaha na dhihaka

Je, kila picha iliyopindwa ni udanganyifu? Hapana. Oktoba 2019, mchekeshaji Idris Sultan aliitwa na kuhojiwa na polisi jijini Dar es Salaam baada ya kutoa picha zilizobadilishana sura yake na ya Rais John Magufuli, katika siku ya kuzaliwa ya Rais huyo. Watu walitofautiana juu ya adabu ya jambo lile, na wana haki ya kutofautiana. Lakini hakuna aliyeamini kuwa Idris amekuwa Rais. Picha ilijitangaza yenyewe kuwa ni mzaha. Mtume (S.A.W.) naye alitania, na alieleza kwamba hata katika utani hasemi ila kweli. Mipaka ya mzaha, basi, ni miwili: usimfanye mtu aamini lisilokuwapo, na usimvunjie mtu heshima.

Mpaka huo wa pili ndio unaovukwa zaidi na vijana wetu. Wanachukua picha ya mwenzao wa darasani, wanaivimbisha pua na midomo, wanairusha katika kundi, watu 200 wanacheka. Suratul Hujuraat, aya ya 11, inakataza kundi kulidharau kundi jingine, kwani huenda wanaodharauliwa ni bora kuliko wanaodharau. Sisi wa Arusha tuna sababu ya pekee ya kuifahamu aya hii. Ni katika jiji hili, Desemba 3, 2003, Mahakama ya Kimataifa ya Mauaji ya Rwanda ilipowatia hatiani watu watatu waliotumia redio ya RTLM na gazeti la Kangura kuchochea chuki. Kabla ya mapanga, walitangulia kuwaita binadamu wenzao mende na kuwachora kwa dharau. Hatusemi kwamba picha ya utani ya darasani ni sawa na hayo. Tunasema kwamba mlango wa dhulma mara nyingi hufunguliwa kwa kumharibu mtu sura mbele ya macho ya wengine, mpaka kumuumiza kuonekane jambo dogo.

Na lipo lililo baya kuliko dhihaka: uso wa binti wa watu kupachikwa na kupindwa mpaka ukae sawa juu ya mwili usio na stara. Leo programu za akili bandia zinafanya kazi hiyo kwa sekunde. Hilo ni katika jinsi ya kile kisa cha uzushi alichozuliwa Mama wa Waumini, Bibi Aisha (R.A.). Suratun Nuur, kuanzia aya ya 11, haikuwalaumu wazushi peke yao. Iliwalaumu pia waliolipokea na kulirudia kwa ndimi zao wakiliona jambo jepesi, na ikawafundisha waumini kudhaniana wema tangu waliposikia. Anayebonyeza kitufe cha kusambaza ana fungu lake.

Kwa upande wa dola, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inahusu kughushi kwa kompyuta, kujifanya mtu mwingine na kumwonea mtu mtandaoni. Na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inamlinda mtu taarifa zake zisitumiwe pasipo ridhaa. Lakini mahakama huja baada ya heshima kuchafuka. Kinga iko nyumbani.

Tufanye nini?

Kwanza, kila familia ijiulize maswali matatu kabla ya kuibadilisha au kuisambaza picha. Je, atakayeitazama atajua kuwa imebadilishwa? Je, mwenye sura ameridhia? Je, kuna haki ya mtu itakayopotea? Pambo la kadi ya harusi linapita katika maswali hayo. Picha ya posa iliyopindwa na picha ya dhihaka hazipiti.

Pili, katika posa, walii na mshenga wadai picha isiyoguswa, iliyopigwa mchana kwa umbali wa kutosha, na isiwe badala ya kuonana kwa mujibu wa sheria, akiwapo maharimu. Aliye mbali aonane kwa simu ya video mbele ya wazee, huku akijua kuwa hata video siku hizi ina vichujio.

Tatu, tujifunze kuzitambua picha zilizopindwa. Anayefinya kiuno husahau kilicho nyuma yake. Tazama fremu ya mlango, mistari ya vigae na ukingo wa meza: iliyonyooka ikijikunja karibu na mwili, hapo pamevutwa. Tazama maua ya kanga na mistari ya mswala: yakipanuka mahali pamoja na kubanana pengine, wavu umepita. Tazama kivuli: mtu amepungua, kivuli kimebaki kinene. Dalili hizi hazitoshi kwa picha za akili bandia. Kwa hizo, uliza imetoka kwa nani, lini na wapi, na ukikosa jibu, nyamaza.

Nne, picha za pasipoti na viza, zikiwemo za Hija na Umra, zisiguswe kabisa umbo la uso. Mashine za mipakani hulinganisha uso na picha, na kanuni za kimataifa za hati za kusafiria hudai picha isiyobadilishwa. Wenye studio zetu wa Kijenge, ambao wengi ni ndugu na vijana wetu, wawe na ujasiri wa kumkatalia mteja katika hili. Riziki ya halali haipunguzwi na ukweli.

Tano, binti au kijana akizushiwa picha, wazazi wasianze kwa kumpiga wala kumhukumu. Waanze kwa kumdhania wema, wahifadhi ushahidi bila kuusambaza, kisha waende polisi, katika dawati la jinsia na watoto. Watoto wengi huficha madhila haya kwa kuiogopa nyumba yao kuliko wanavyomwogopa aliyewazushia.

Mwisho, ndugu wasomaji, tukumbuke kwamba Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa Mwenyezi Mungu hazitazami sura zetu wala mali zetu, bali anazitazama nyoyo zetu na matendo yetu. Sura aliyotupa ni amana, na sura ya mwenzetu ni amana kubwa zaidi, kwa sababu hatukupewa ruhusa nayo. Tunamuomba Mola, kama alivyoyafanya mazuri maumbile yetu, azifanye nzuri na tabia zetu, azihifadhi heshima za watoto wetu, na atujaalie kuwa wakweli katika tunayoyasema na tunayoyaonesha. Amin.

Wabillahi tawfiq.